Kabla Saratani ya Matiti Haijaitwa Sugu: Safari ya Kidonge cha Homoni hadi Rubwera

RUBWERA, KYERWA – Mwanamke wa Rubwera aliyefanyiwa upasuaji wa saratani ya matiti na kuanzishiwa tiba ya homoni hupewa na daktari agizo linaloonekana dogo: ameze kidonge kimoja kila siku kwa muda wa miaka mitano. Kwa hesabu ya kawaida, hivyo ni vidonge zaidi ya 1,800. Akikosa vidonge vya mwezi mmoja hapati homa wala maumivu ya kumkumbusha, na shughuli za shamba na nyumba huendelea kama kawaida. Ikitokea uvimbe umerejea miaka michache baadaye, swali la kwanza linaloulizwa ni iwapo saratani yake imekuwa sugu kwa dawa.

Jibu la swali hilo lina uzito mkubwa. Likiwa ni ndiyo, mgonjwa huhamishiwa kwenye dawa nyingine, ambazo baadhi ni ghali mno, au huanzishiwa tibakemia yenye madhara makali zaidi. Likiwa ni hapana, yaani dawa haikumfikia au haikufanya kazi mwilini ipasavyo, basi kumbadilishia ni kutupa silaha ambayo bado ina makali. Kwa wananchi wa Kyerwa na Karagwe, walio mbali na hospitali kubwa za saratani, kutofautisha hali hizo mbili ndiyo hatua ya kwanza ya kuushinda usugu.

Suala hili si la watu wachache. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2022 wanawake milioni 2.3 waligundulika kuwa na saratani ya matiti duniani, na watu wapatao 670,000 walifariki dunia kutokana nayo. Nchini Tanzania, saratani hiyo inashika nafasi ya pili kwa wanawake, ikitanguliwa na saratani ya mlango wa kizazi, na wagonjwa wengi hufika hospitalini ugonjwa ukiwa katika hatua ya tatu au ya nne.

Tiba inayozuia, si inayoongeza

Jina la tiba ya homoni huwachanganya wengi. Wapo wanaodhani kuwa mgonjwa huongezewa homoni, na wapo wanaoifananisha na vidonge au sindano za uzazi wa mpango. Ukweli ni kinyume chake. Chembe za saratani katika sehemu kubwa ya wagonjwa zina vipokezi, ambavyo ni mfano wa kitasa mlangoni. Homoni ya kike iitwayo estrojeni huingia katika kitasa hicho kama ufunguo na kuziamuru chembe hizo zigawanyike na kukua. Tiba ya homoni huziba kitasa au huondoa ufunguo.

Wazo hilo lina umri wa zaidi ya karne moja. Mwaka 1896, daktari wa upasuaji George Beatson wa Glasgow, Uskoti, alitangaza kuwa uvimbe wa saratani ya matiti uliokwisha kuenea ulinywea baada ya mgonjwa kuondolewa mifuko ya mayai, ingawa homoni ya estrojeni ilikuwa bado haijagunduliwa. Katika miaka ya 1960 dawa ya tamoksifeni ilitengenezwa nchini Uingereza, na kuanzia miaka ya 1970 ikawa tegemeo la matibabu. Kazi yake ni kukaa ndani ya kitasa ili estrojeni isiingie. Baadaye zikaja anastrozoli na letrozoli, ambazo huzuia mwili kutengeneza estrojeni. Dawa hizi mbili hufaa kwa wanawake waliokwisha kufikia ukomo wa hedhi. Kwa wale ambao bado wanapata hedhi, hutumika tu pale kazi ya mifuko ya mayai inaposimamishwa kwa sindano au kwa upasuaji.

Manufaa ya tiba hii yamethibitishwa kwa kiwango ambacho dawa chache za saratani zimekifikia. Uchambuzi wa majaribio 20 yaliyohusisha wanawake zaidi ya 20,000, uliochapishwa mwaka 2011, ulionyesha kuwa miaka mitano ya tamoksifeni hupunguza vifo vya saratani ya matiti yenye vipokezi vya estrojeni kwa takribani theluthi moja katika miaka 15 ya mwanzo. Baadhi ya wagonjwa huongezewa muda hadi kufikia miaka kumi. Tamoksifeni imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na bei yake ni ndogo ikilinganishwa na dawa nyingi za saratani.

Usugu ni nini hasa

Wananchi wamezoea kusikia neno usugu katika kampeni za kupinga matumizi holela ya antibayotiki. Huko, wadudu wa maradhi huzoea dawa na wanaweza kuambukizwa kutoka mtu hadi mtu. Usugu wa saratani ni jambo la aina nyingine. Hauambukizwi, wala haumaanishi kuwa mgonjwa amekosea. Hutokea ndani ya chembe za saratani zenyewe, ambazo hubadilika kadiri zinavyogawanyika, hata zikapata njia ya kukua bila kutegemea mlango uliozibwa.

Wanasayansi wamebainisha njia kadhaa za mabadiliko hayo. Katika njia ya kwanza, jeni ya ESR1, inayobeba maelekezo ya kutengeneza kipokezi cha estrojeni, hubadilika kiasi kwamba kitasa hujifungua chenyewe bila ufunguo. Hali hii huonekana zaidi kwa wagonjwa waliokwisha kutumia dawa za kundi la anastrozoli kwa muda mrefu. Katika njia ya pili, chembe huchepuka na kutumia njia nyingine za mawasiliano za ndani ili zikue. Katika njia ya tatu, chembe hupoteza vipokezi kabisa, na dawa hukosa mahali pa kushika.

Madaktari hutazama pia muda. Ugonjwa ukirejea ndani ya miaka miwili ya mwanzo ya tiba ya kinga baada ya upasuaji, usugu huhesabiwa kuwa ulikuwapo tangu awali. Ukirejea baada ya miaka miwili mgonjwa akiwa bado katika tiba, au ndani ya mwaka mmoja baada ya kuikamilisha, huhesabiwa kuwa umejengeka taratibu. Tofauti hiyo husaidia kuchagua dawa inayofuata. Hata hivyo, hesabu yote hiyo ina maana endapo tu dawa ilimezwa kama ilivyoagizwa.

Maswali matatu kabla ya hukumu

Mkoa wa Kagera una uzoefu unaoweza kutumika hapa. Ndiko wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walikogundulika mwaka 1983, na ndiko jamii ilikojifunza, kwa gharama kubwa, maana ya kumeza dawa kila siku bila kukoma. Katika huduma za VVU, mgonjwa ambaye kipimo kinaonyesha wingi wa virusi haambiwi papo hapo kuwa dawa imeshindwa. Kwanza hupewa ushauri nasaha wa kina kuhusu umezaji wa dawa, kisha hupimwa tena, ndipo uamuzi wa kubadilisha dawa hufikiwa. Utaratibu huo unafaa kuwa mfano katika saratani ya matiti, kwa kuuliza maswali matatu.

Swali la kwanza linahusu kipimo. Je, uvimbe ulipimwa vipokezi, na je, sampuli ilitunzwa vizuri? Kinyama kinachokatwa kwenye uvimbe kinapaswa kuwekwa katika formalini ndani ya saa moja, na kukaa humo kwa muda usiopungua saa 6 na usiozidi saa 72 kabla ya kuandaliwa maabara. Kikichelewa kuingizwa katika formalini, vipokezi huharibika na majibu huweza kuonyesha kuwa havipo ilhali vilikuwapo. Mgonjwa wa namna hiyo hunyimwa tiba ambayo ingemfaa. Kinyume chake, anayepewa dawa ya homoni bila kupimwa anaweza kuonekana kuwa na usugu, kumbe ugonjwa wake haukuwahi kuitegemea estrojeni. Kwa wilaya iliyo mbali na maabara ya patholojia, chupa ya formalini na tarehe na saa zilizoandikwa sawasawa kwenye fomu ni sehemu ya tiba. Aidha, saratani inaporejea, inashauriwa kuchukua kinyama kingine pale inapowezekana, kwa kuwa vipokezi huweza kubadilika.

Swali la pili ni iwapo dawa ilimezwa. Hili haliulizwi kwa nia ya kulaumu. Utafiti uliofanyika California, Marekani, na kuchapishwa mwaka 2010, uliwafuatilia wanawake zaidi ya 8,000 waliokuwa na bima na maduka ya dawa ya karibu. Takribani nusu tu ndio waliomeza dawa kikamilifu kwa muda wote uliopangwa. Ikiwa hali ni hiyo kwao, si jambo la kushangaza kwamba mkulima ambaye fedha zake huingia msimu wa kahawa, na ambaye nauli ya kwenda kliniki hushindana na ada na chakula, huruka mwezi mmoja au miwili. Madhara ya dawa nayo huchangia: joto la ghafla mwilini, jasho la usiku na ukavu ukeni kwa wanaotumia tamoksifeni, maumivu ya viungo kwa wanaotumia anastrozoli au letrozoli. Mengi ya madhara hayo hupunguzwa kwa ushauri, mazoezi au kubadilishiwa dawa, ila ni lazima mhudumu aambiwe.

Swali la tatu ni iwapo kuna dawa nyingine iliyoidhoofisha tiba. Tamoksifeni hufanya kazi baada ya kubadilishwa na ini. Rifampisini, dawa ya msingi katika matibabu ya kifua kikuu, huliharakisha ini hata tamoksifeni ikaondolewa mwilini mapema mno na kiwango chake katika damu kushuka sana. Baadhi ya dawa za sonona, zikiwemo fluoksetini na paroksetini, huzuia tamoksifeni kugeuzwa kuwa katika umbo lenye nguvu. Mgonjwa anayetibiwa kifua kikuu katika kituo kimoja na saratani katika kituo kingine anaweza kukosa manufaa ya tiba bila yeye wala wahudumu wake kufahamu. Suluhisho halihitaji mtambo: ni kubeba kadi zote na pakiti za dawa zote kila anapohudhuria kliniki. Hata hivyo, mgonjwa asiache dawa ya kifua kikuu wala ya saratani kwa uamuzi wake mwenyewe. Kazi ya kupanga upya ni ya daktari.

Usugu wa kweli na dawa mpya

Maswali hayo matatu yakijibiwa na ugonjwa ukaonekana kuendelea, usugu huwa umethibitika, na hapo pia njia hazijafungwa. Hatua ya kawaida ni kuhamia kundi jingine la dawa za homoni: aliyekuwa katika tamoksifeni huhamia anastrozoli au letrozoli, na baadaye fulvestranti, sindano inayoharibu kipokezi chenyewe. Kwa mwanamke ambaye bado anapata hedhi, kuondoa mifuko ya mayai, njia ile ile ya Beatson, kungali na nafasi katika tiba ya kisasa, hasa pale sindano za kila mwezi zinapokosekana.

Mafanikio makubwa ya miaka ya karibuni yametokana na dawa zinazozuia mgawanyiko wa chembe, ambazo hutumika pamoja na dawa ya homoni. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2016, wanawake wenye saratani iliyoenea waliopewa palbosiklibu pamoja na letrozoli walikaa kwa wastani miezi 24.8 kabla ya ugonjwa kusonga mbele, ikilinganishwa na miezi 14.5 kwa waliopewa letrozoli peke yake. Dawa ya kundi hilo hilo, ribosiklibu, imeonyesha kuongeza pia muda wa kuishi. Mwaka 2023, Marekani iliidhinisha elasestranti, kidonge kinacholenga saratani yenye mabadiliko ya jeni ya ESR1.

Hata hivyo, dawa hizo ni za gharama kubwa, na baadhi huhitaji kipimo cha jeni kabla ya kutolewa. Kwa nchi inayopanga bajeti ya afya kwa watu wote, hoja ya kuthibitisha usugu kabla ya kuutangaza ni hoja ya kitabibu na ya kiuchumi kwa pamoja. Kila mgonjwa anayekamilisha vizuri tiba ya kwanza hupunguza idadi ya wale watakaohitaji tiba ya pili iliyo ghali.

Barabara, bima na wahudumu wa jamii

Swali linalobaki ni namna ya kukifikisha kidonge Rubwera kwa miaka mitano mfululizo. Kwa sasa, mgonjwa wa Kyerwa huanzia zahanati au kituo cha afya, hupewa rufaa kwenda hospitali ya wilaya, kisha Hospitali ya Rufaa ya Mkoa mjini Bukoba, na kwa matibabu ya kibingwa ya saratani huelekea Hospitali ya Rufaa ya Kanda Bugando jijini Mwanza, au Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam. Kuzinduliwa kwa Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo–Busisi Juni 19, 2025 kumeondoa usumbufu wa kusubiri kivuko kwa wanaokwenda Mwanza kwa barabara kupitia Geita. Hata hivyo, safari bado ni ndefu, na si busara mgonjwa aliye imara kuifanya kwa ajili ya kuchukua vidonge tu.

Hapo ndipo uzoefu wa VVU unapofaa tena. Wateja walio imara katika huduma hizo hupewa dawa za miezi kadhaa kwa mara moja, karibu na nyumbani. Tamoksifeni ni kidonge kisichohitaji jokofu wala dripu. Bingwa akishapanga tiba, mfamasia wa wilaya anaweza kuhifadhi na kutoa dawa, ilimradi mahitaji yanaingizwa kwa wakati katika maombi yanayopelekwa Bohari ya Dawa (MSD), na daktari wa wilaya akawasiliana na bingwa pale dalili mpya zinapojitokeza.

Upande wa jamii, Serikali ilizindua Januari 2024 Mpango Jumuishi na Shirikishi wa Wahudumu wa Afya Ngazi ya Jamii, unaowalenga watu wanaoishi katika vijiji na mitaa wanayoihudumia. Mhudumu anayepita kaya hadi kaya kuuliza kuhusu chanjo na kliniki ya wajawazito anaweza kuongeza swali moja kwa mama aliye katika tiba ya saratani: dawa zimebaki ngapi? Swali hilo, likiulizwa wiki mbili kabla ya dawa kwisha, lina uwezo wa kuzuia pengo ambalo hospitali kubwa haiwezi kuliona.

Kuhusu gharama, Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imeweka msingi wa kila mkazi kuwa katika mfumo wa bima. Kwa kaya za wakulima wa kahawa na ndizi, somo lake ni kujiunga wakati fedha zipo, baada ya mauzo ya msimu, badala ya kusubiri ugonjwa. Na kwa waandaaji wa huduma, saratani ya matiti inakumbusha kuwa thamani ya bima hupimwa pia kwa mwezi wa arobaini wa matibabu, pale mgonjwa anapojisikia mzima na hakuna anayemkumbuka.

Lengo la dunia, wajibu wa nyumbani

Mwaka 2021, Shirika la Afya Duniani lilizindua mpango wa dunia wa saratani ya matiti wenye shabaha tatu: angalau asilimia 60 ya wagonjwa wagundulike katika hatua ya kwanza au ya pili, uchunguzi ukamilike ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike kituoni, na asilimia 80 ya wagonjwa wakamilishe matibabu waliyopangiwa. Shabaha ya tatu ndiyo inayogusa moja kwa moja suala la usugu, na ndiyo inayotegemea zaidi yanayotendeka kijijini.

Kwa mwananchi wa Rubwera, Nkwenda, Murongo, Omurushaka au Kayanga, mambo ya kuzingatia ni haya. Uvimbe mpya kwenye titi au kwapani, chuchu inayotoa damu au kuingia ndani, na ngozi ya titi inayojikunja ni sababu za kwenda kituoni bila kusubiri maumivu. Aliyekatwa kinyama aulize kama vipokezi vimepimwa, na atunze majibu yake. Aliye katika tamoksifeni asitumie uzazi wa mpango wa homoni, na kwa kuwa dawa hiyo huweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, apate ushauri wa njia isiyo na homoni. Akiona damu ukeni baada ya ukomo wa hedhi, au mguu mmoja ukavimba na kuuma, awahi hospitali. Akiruka dawa, aseme ukweli; mhudumu anayepokea ukweli huo kwa heshima huwa ameokoa muda na fedha za wengi.

Mume, dada, mtoto na jirani wana nafasi yao. Katika kaya ambayo mama ndiye mlezi na mkulima, dawa yake huwa ya mwisho kukumbukwa, hasa anapoonekana mwenye nguvu. Nauli yake ya kliniki ikitengwa kabla ya mahitaji mengine, familia huwa imefanya sehemu ya kazi ambayo daktari wa Bugando hawezi kuifanya kwa niaba yake.

Sayansi itaendelea kutafuta dawa za kuushinda usugu ulio ndani ya chembe, na Watanzania watanufaika kadiri dawa hizo zitakavyoshuka bei na kuingia katika mfumo wa huduma. Wakati huo ukisubiriwa, sehemu ya usugu iliyo nje ya chembe, ile inayotokana na kipimo kilichoharibika, pakiti iliyokwisha na kadi mbili zisizosomwa pamoja, inaweza kuanza kushughulikiwa sasa, katika kila zahanati na kila kaya ya Kyerwa na Karagwe.